Ndala za Dada

Kijiti alimdanganya bibi yake kipofu, na bibi akamwamini.

Bibi alikuwa mshonaji maisha yake yote. Macho yalipozima, alibaki akipinda nguo kwa kupapasa, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Watu wa nyumbani aliwajua kwa miguu. Baba hukanyaga kwa kishindo, mama hunyata, dada mkubwa huburuta ndala, na Kijiti hukimbia tu. Bibi aliwasalimu kabla hawajafika mlangoni, na hakukosea.

Mkasi wake wa kukatia vitambaa alikuwa amemwahidi dada mkubwa. Kijiti aliutamani mpaka akauota.

Mchana mmoja nyumba nzima ilisinzia. Jua lilipenya pazia, nyuzi ndogondogo zikaelea hewani kana kwamba zinaogelea. Dada alikuwa bafuni. Kijiti akavaa ndala zake, akaziburuta polepole mpaka kwenye kiti.

"Mkubwa, ni wewe?"

"Ni mimi, bibi," alinong'ona.

Bibi akatabasamu, akampa mkasi, akamwombea heri ndefu iliyokuwa ya dada.

Dada alipokuja kuomba mkasi, aliambiwa ameshapewa. Mikono ya bibi ikasimama juu ya kitambaa. Kijiti aliutoa mkasi chini ya mto, akalia, akaomba radhi. Dada alinuna, kisha akasema ndala zenyewe zilimpwaya kama mitumbwi. Bibi alisamehe palepale.

Jioni baba alifungua Biblia, akawasomea habari za Yakobo, aliyevaa nguo za kaka yake akamdanganya baba yake asiyeona. Kijiti akauliza kama Mungu alimwacha Yakobo.

"Hakumwacha," baba alisema. "Lakini ilibidi akimbie nyumbani. Mama yake ndiye aliyempangia uongo ule, na hatusomi popote kwamba walionana tena. Alipozeeka, wanawe nao wakamdanganya. Wewe umesamehewa, mwanangu. Ulichokivunja ni kitu kingine."

Asubuhi Kijiti alikimbia kumwamkia bibi kama kawaida. Bibi alinyoosha kiganja.

"Lete mkono kwanza."

Mkasi ulimfikia dada. Ndala zilirudi chini ya kitanda. Dada hanuni tena. Lakini bibi haamini tena miguu ya mtu. Kila anayeingia hupapaswa mkono kwanza, hata mama, hata baba, mtoto wake wa kumzaa.