Kadi za Ahadi

JUMATATU, ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la Lonnie Haskew kilinuka maboksi ya karatasi na kahawa iliyolala. Lonnie alisogeza rafu tupu, akafuta meza kwa kiganja. Walt Prusinski akachora kwenye karatasi. Mistari michache tu ya kalamu nene. Ghala la kampuni ya kadi ya Brandmoor, mlango wa mbele, mlango wa mizigo, korido, chumba cha hazina.

"Alhamisi wana zoezi la moto," Walt alisema. "Saa nne na nusu asubuhi. King'ora kikilia, milango yote ya ndani inajiachia yenyewe. Ni sheria ya zimamoto. Hata wa hazina."

"Na watu?" Lonnie aliuliza.

"Wote uwanja wa mbele, wanahesabiwa. Walinzi nao huko huko."

"Kamera?"

"Ya korido ya nyuma imekufa tangu majira ya baridi. Wabahili hao. Hawajaitengeneza."

Dez Tarver akacheka. Alikuwa kijana wa mdomo mwingi na viatu vya bei. Kazi yake ilikuwa kupasua maboksi ya kadi za wachezaji wa besiboli mbele ya kamera ya simu, watu wakimlipa wamtazame. Ndiye angeendesha gari. Ndiye aliyekuwa na mnunuzi.

"Mimi nataka nini hapo, mzee? Moja tu," Dez alisema. "Ile ya yule chipukizi. Nembo imekatwa kwenye jezi ya mechi yake ya kwanza, sahihi juu. Dunia nzima iko moja. Nyie leteni hiyo, mengine achieni panya."

"Iko kwenye kisanduku cheusi," Walt alisema. "Wanaipeleka kwenye maonyesho Ijumaa. Alhamisi bado ipo."

Lonnie alikuwa akimtazama. Walifahamiana tangu wote wawili wana nywele. "Haya yote umeyajuaje, Walt? Nani yuko ndani?"

"Mtu."

"Mtu hana jina?"

"Analo."

"Tunaweka shingo zetu hapa, ndugu yangu."

"Yake ndiyo iko karibu zaidi na kamba. Jina linabaki kwangu."

Lonnie akachukua ile karatasi, akaichana vipande vidogo, akavitia kwenye kopo la kahawa.

Wote watatu walikuwa watu wa kadi. Zamani kampuni zilikuwa nne, tano. Moja ikikuletea karatasi mbovu, unahamia kwa jirani yake, nayo inajirekebisha. Kisha ligi na chama cha wachezaji wakauza leseni kwa kampuni moja. Brandmoor peke yake. Kuanzia hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuchapa jezi wala nembo. Bei ikapanda, karatasi ikawa nyembamba, sahihi zikawa vibandiko. Maduka madogo yakapunguziwa mgao, halafu yakapigiwa simu na sauti ya msichana mpole: akaunti yako imefungwa, asante kwa kuwa nasi. Duka la Walt kule mtaa wa Lagrange, mkabala na nyumbani kwake, lilikufa hivyo. La Lonnie lilibaki, likihema kwa shida, likinunua maboksi kwa walanguzi na kuuza kwa hasara.

"Alhamisi, basi," Dez alisema, akinyanyuka. "Tukawapasue."

Walt hakunyanyuka. Magoti yalikuwa yanamuuma, na hakuwa na haraka ya kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

JUMATANO, MCHANA

Renata Oyler alikuwa amekaa kibanda cha mwisho cha mgahawa, sare ya Brandmoor ameifunika kwa koti. Alikuwa anapakia bidhaa pale ghalani tangu siku lilipofunguliwa. Mbele yake sahani ya pierogi, sambusa za kuchemsha za Kipolandi, hajaigusa.

"Umewaambia nini?" aliuliza.

"Kwamba naifuata kadi ya kisanduku cheusi."

"Na bahasha?"

"Hawajui."

"Mh." Renata akageuza uma. "Kwa hiyo na wewe unawazunguka wenzako."

"Kadi watapata. Mimi sina shida nayo."

Shida ya Walt ilikuwa Marlene. Mkewe hakuwa mtu wa kadi, alikuwa mtu wa Teo Ballesteros. Teo alikuwa mrushaji wa besiboli aliyeanzia timu ndogo ya mji wao, Toledo, na Marlene alimpigia kelele tangu hajulikani, mpaka sauti ikakauka. Teo akapanda ligi kuu. Siku moja Marlene akafungua boksi dukani, akatoa kadi ya ahadi. Ndivyo walivyoziita. Kipande cha karatasi kinachosema: mchezaji huyu hajasaini bado, ikwangue, utume namba, tutakuletea yenye sahihi. Alipiga kelele mpaka wateja wakatoka nje kuangalia kuna nini.

Akatuma namba. Akasubiri. Akapiga simu, wakamwambia subiri. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Akaugua. Alipiga simu kutoka kitandani hospitali, akawekewa muziki sikioni mpaka akalala. Alipokufa, Walt hakuwaarifu. Siku moja bahasha ikaja. Ndani kadi ya mchezaji ambaye hata Walt, mtu wa kazi hiyo, hakuwahi kumsikia. Samahani, walisema, Ballesteros hakusaini. Pokea hii badala yake.

Ilipita miaka. Kisha Renata, aliyekuwa akimuuzia Marlene mayai ya kuku wake, akamwambia Walt ukweli katikati ya duka la vyakula, mbele ya viazi. Teo alisaini. Wote walisaini. "Nimezifunga mimi kwenye plastiki, Walt. Nikazitia bahasha, nikabandika anwani. Gari la posta likiwa nje, wakubwa wakasema simamisheni. Wanataka kuzitia kwenye boksi jipya, lile la bei ya kodi ya nyumba. Zimekaa hazina, zote, na majina ya watu juu."

Sasa mgahawani Renata aliuliza, "Na ukizipata utafanyaje? Utaanza kugongea watu milango?"

Walt alifikiri. "Gari la posta linakuja saa ngapi siku hizi?"

Kwa mara ya kwanza, Renata akala pierogi moja.

ALHAMISI, SAA NNE NA ROBO

Gari jeupe lilisimama nyuma ya mlango wa mizigo. Dez usukani, anatafuna kijiti. Lonnie pembeni yake, ndani ya koti la kijani. Walt nyuma, ndani ya ovaroli ya fundi wa vipoza hewa.

"Mzee, uso huo," Dez alisema, akimwangalia kiooni. "Utadhani unakwenda kuzikwa."

"Tazama mbele."

Lonnie aligeuka. Macho mekundu, kama mtu aliyekesha. "Walt. Tunaweza kuacha. Sasa hivi. Tukale, tuzungumze mambo mengine."

"Umeanza uoga?"

"Nasema tu tunaweza."

"Mimi siwezi."

Lonnie akageukia tena mbele. "Yule mtu wako," akasema baadaye. "Atakupokea mlangoni? Nijue wa kumtazama."

Ilikuwa mara ya tatu kuuliza. Swali lilimkaa Walt vibaya. Akalipuuza. Unamjua mtu nusu ya maisha yako, unachoka kumshuku.

"Hakuna wa kumtazama," alisema.

SAA NNE NA NUSU

King'ora kililia. Walt akashuka. Mlango wa mizigo ulikuwa umewekewa kipande cha mbao, kama Renata alivyoahidi. Korido tupu. Mbali, mbele, sauti za watu wakitoka, wengine wakicheka, wakifurahia kupata hewa.

Mlango wa hazina ulisukumika kwa bega.

Kisanduku cheusi kilikuwa mezani, hakijafichwa hata. Walt akakifungua kuhakikisha. Kadi ile ilikuwa nzuri, hakuna wa kubisha. Aliitazama kama mtu anavyotazama gari la jirani. Akafunga, akakitia kwapani.

Bahasha zilikuwa rafu ya chini, boksi kubwa la plastiki lenye vumbi. Alipiga goti. Mamia. Anwani za Tulsa. Spokane. Mtu wa Maine. Mtoto wa Nebraska, jina limechapwa na makosa yake ya kitoto kama alivyolituma, ambaye sasa bila shaka ana ndevu. King'ora kilikuwa kinampasua kichwa. Alijua hana muda. Vidole vikaendelea.

Prusinski, Marlene. Mtaa wa Lagrange.

Aliishika. Nyepesi. Alikaa pale sakafuni, mzee mwenye ovaroli ya wizi, na kitu alichokuja kukiiba kilikuwa na jina la mkewe.

"Walt!" Renata alisimama mlangoni, anahema. Alitakiwa awe uwanja wa mbele. "Inuka. Nimechungulia dirisha la mizigo. Wamekuja."

"Nani?"

"Polisi. Yule kijana wenu yuko chini, uso kwenye lami."

"Na Lonnie?"

Renata alisita. "Yule mwenye koti la kijani? Amesimama na mkuu wa ulinzi. Wanazungumza. Hajafungwa."

King'ora kikakatika. Ukimya ukawa mbaya zaidi.

Walt hakushangaa. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Alitafuta hasira ndani yake, akakuta chumba kitupu.

"Hawakujui," alisema. "Aliniuliza jina lako mpaka mwisho. Sikumpa. Kigari cha posta kiko wapi?"

"Pale pale, kando ya mlango. Dereva anasubiri zoezi liishe apakie."

"Kazi yako ni kukisukuma?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi kisukume."

Walibeba boksi pamoja mpaka kwenye kigari, wakalimimina juu ya barua za kawaida za ofisi. Bahasha zenye stempu, zenye anwani. Zikachanganyika. Hata mtu wa pale asingezitenga.

Ya Marlene ilikuwa bado mkononi mwa Walt. Renata aliiona.

"Iweke mfukoni," alisema. "Ni yako."

"Nikikamatwa nayo, inakuwa kidhibiti. Inarudi kwao." Aliiangalia mara moja zaidi, kisha akaitumbukiza katikati ya nyingine. "Iende kama za wenzake."

"Walt, hakuna mtu nyumbani wa kuipokea."

"Najua."

Renata akamshika shavu kwa mkono wake mkavu wa mfunga maboksi. Akaivuta sare yake sawa, akashika kigari.

"Nipe dakika niwaite huku," Walt alisema. "Halafu toka kama kawaida."

Alipita mlango wa mizigo mikono juu, kisanduku cheusi kikiwa kwenye mkono wa kulia, juu kabisa, kila mtu akione. Wakakiona. Mkuu wa ulinzi alipiga kelele. Polisi wawili wakamrukia, goti mgongoni, lami mdomoni. Pingu. Jino la mbele likalegea, damu ikamjaa ulimini. Mkuu wa ulinzi alikikumbatia kisanduku kama mtoto aliyeokolewa kwenye maji.

Hakuna aliyemtazama mwanamke anayesukuma kigari cha barua.

"Mzee wako ametuuza!" Dez alipiga kelele akiwa chini. "Umesikia, Walt? Swahiba wako! Wamesema toka Jumanne ametuuza!"

"Nimesikia, Dez. Nyamaza, utapigwa."

Walimkalisha Walt kiti cha nyuma cha gari la polisi, mlango wazi. Lonnie akaja. Alisimama hatua chache, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani na hajui wafiwa ni wepi.

"Wamenirudishia akaunti," alisema.

Walt akatema damu. "Vipi?"

"Mgao. Moja kwa moja kutoka kwao, si kwa walanguzi. Duka lilikuwa linakufa, Walt. Mwezi huu lingefungwa. Nilikwambia tuache. Asubuhi hii nilikwambia."

"Ulinambia."

"Lile duka ndilo nililonalo."

"Wamekupa katoni ngapi?"

Lonnie aliangalia viatu vyake. "Kumi na mbili. Kwa mwaka."

"Za bidhaa gani?"

Lonnie alizungusha kofia mkononi. "Za chini. Zile zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta. Wamesema baadaye tutaona kuhusu zile nzuri."

"Wamekuahidi?"

"Wameahidi."

Walt alicheka. Hakukusudia. Kicheko kilitoka na damu, kikamuumiza mbavu, na kikamfanya askari ageuke. Lonnie alikuwa analia, kimya kimya, bila kujifuta.

Kule kwenye mlango wa mizigo dereva wa posta alifunga gari lake. Renata alimwambia jambo, dereva akacheka, akampungia mkono. Polisi mmoja alisogeza gari lake nyuma kumpisha. Gari la posta lilizunguka taratibu, likapita mbele ya mkuu wa ulinzi na kisanduku chake, likawasha taa ya kukata kulia.

"Unatazama nini?" Lonnie aliuliza.

"Hamna," Walt alisema. "Nenda dukani, Lonnie. Wateja watakukuta umefunga."