Kwa Mama Kabula, Nansio

Jumamosi asubuhi stendi ya Bariadi haina adabu. Wapiga debe wanavutana na abiria, baiskeli zenye magunia zinapita palipo na njia na pasipo na njia, na kila mtu ana haraka kumshinda mwenziwe. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Kabula, muuza keki, amekumbatia boksi la keki ya harusi ya ghorofa mbili. Wenye keki walikuwa Nassa, harusi ilikuwa siku hiyohiyo, na basi la Lamadi lilikuwa limeshaanza kunguruma upande wa pili wa barabara.

"Kioo! Pisheni kioo jamani!"

Wanaume wawili walitokea wamebeba kioo cha kujitazamia kirefu kuliko wao. Kabula akajiona mzimamzima mbele yake: gauni la njano lililomkaa vizuri, kilemba kimelegea, jasho usoni na boksi linatetemeka. Mbele kioo, nyuma pikipiki. Akafumba macho.

"Dada, fumbua macho, utamwaga harusi ya watu," ilisema sauti nyuma ya kioo.

Kisha akatokeza mwenyewe, mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, vumbi la alumini kwenye nywele. Akamwambia mwenzake washushe kioo palepale, kiwe kizuizi cha barabara. Pikipiki zikasimama, honi zikalia, matusi yakaanza.

"Hapiti mtu mpaka keki ipite!" alipaza sauti. "Nani anataka kulipa kioo? Apite!"

Hakuna aliyetaka. Kabula akavuka barabara ya Bariadi kama kiongozi wa nchi, akaikabidhi keki kwa kondakta, na alipogeuka kushukuru, mwanaume na kioo chake walikuwa wameshamezwa na watu. Jioni simu ikaita.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Mwenye kioo. Kimenigomea kazini. Kinasema hakifungwi popote mpaka kimwone tena yule wa gauni la njano."

"Na namba yangu kimeipata wapi?"

"Uliiandika kwenye boksi la keki kwa wino mwekundu. Ulitaka nani asiione?"

Kabula alicheka mpaka jirani yake wa duka la vipodozi akachungulia. Ndivyo alivyoanza Mboje, fundi wa madirisha ya alumini, mzaliwa wa Kiloleli, kijana mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Mwezi haukuisha wakawa hawapitishi siku bila kuonana.

Kosa alilifanya Kabula mapema, na alilifanya kwa ulimi wake mwenyewe. Walikuwa wanakula chipsi mayai, Mboje anamsimulia jinsi mama yake mzazi alivyofariki yeye akiwa shuleni. Machozi yalimlengalenga. Akauliza, "Na wako, mpenzi?"

"Alishafariki," alijibu Kabula.

Uongo mtupu. Mama yake, Specioza, alikuwa hai na mzima wa afya. Alitoka nyumbani Dutwa na begi moja baada ya ugomvi na mumewe, Kabula akiwa darasa la tano, akavuka ziwa hadi kisiwani Ukerewe na hakurudi. Mzee Mwandu akamwambia binti yake kwamba kwake yeye mwanamke huyo amekufa, na jina lake lisitajwe tena uani kwake. Kabula akaona hata shuleni inafaa kusema hivyohivyo. Mtoto aliyefiwa na mama hupewa pole. Aliyekimbiwa na mama huchekwa. Alisema hivyo kwa miaka mpaka ikawa haimkwami kooni.

Lakini Mboje hakuwa mtu wa kutoa pole ya mdomo tu. Siku ya kuwaombea marehemu, bila kumwambia, alipeleka parokiani majina mawili. Kabula alikuwa amepiga magoti aliposikia padri anasoma, "Specioza, mama yake Kabula." Mboje akamshika mkono, akamminya kwa upendo, naye akainamisha kichwa kwa aibu ambayo mwenzake aliidhani ni uchungu. Tangu siku hiyo ukweli ukawa hauna pa kutokea. Angemwambia vipi mwanaume kwamba amemsomea misa mtu anayepumua?

Pasaka ilipokaribia, Mboje aliingia kwenye duka la keki la Kabula anang'aa.

"Kipenzi, funga duka wiki ya Pasaka. Nimekuandalia likizo."

"Likizo? Mimi na wewe? Tumekuwa Wazungu?"

"Wazungu wana visiwa peke yao? Tunakwenda Ukerewe."

Kabula alikuwa anapaka krimu keki ya kipaimara. Mkono ukasimama.

"Nimeuliza kwenye magrupu yote," aliendelea Mboje, kidole kinapanda na kushuka kwenye simu. "Tunapita Lamadi, Bunda, tunashuka Kisorya, tunavuka na pantoni. Malazi: kuna gesti Nansio, madirisha yote yanatazama ziwa. Nimechukua vyumba viwili, usiniangalie hivyo, padri ananijua. Siku ya pili tunakwenda Bukindo kuona ikulu ya mtemi. Ya tatu tunavuka hadi Ukara, kuna jiwe linacheza ukiliomba vizuri. Na kule, mbele ya lile jiwe, nina neno nataka kukuuliza."

"Neno gani?"

"La kule haliulizwi huku. Sasa sikia chakula! Watu wote wananiambia mahali pamoja tu, sato wa kuchemsha, ugali wa muhogo. Unajua panaitwaje? Kwa Mama Kabula!" Akacheka peke yake. "Hata kisiwa kinakujua!"

Kabula alikuwa anapajua kwa kusikia. Shangazi yake alimnong'oneza zamani kwamba mgahawa ule ni wa mama yake, aliyekataa kuitwa jina jingine lolote.

"Tusiende Ukerewe," alisema.

"Kwa nini?"

"Naogopa pantoni."

"Tutavaa maboya."

"Twende Zanzibar basi. Au Mwanza tu, tutembee Saanane."

"Saanane tukalale na swala? Kabula, nimeshalipia gesti."

"Ile gesti ina mbu. Na Bukindo hakuna cha kuona. Na pale kwa... pale pa sato, pachafu."

Mboje akaweka simu mfukoni polepole. Uchangamfu wote ulimtoka usoni.

"Uliniambia hujawahi kufika Ukerewe."

Kabula akarudi kupaka krimu.

"Mbu wa gesti unawajua. Bukindo unaijua. Uchafu wa mgahawa unaujua. Ulikwenda na nani?"

"Sijaenda na mtu."

"Basi nitazame uniambie kuna nini huko."

Hakumtazama. Laiti angesema siku ile! Lakini alikuwa anaisikia misa ile masikioni, akaona afadhali adhaniwe ana mwanaume. Mwanaume wa zamani husamehewa. Mwongo wa kifo atasamehewa na nani?

"Kuna mtu wako kule," alisema Mboje. "Unaogopa tukutane naye. Sawa. Nitakwenda mwenyewe, nikirudi nitakuwa nimejua, na kama ni kweli, mimi na wewe basi."

"Mboje!"

"Baki na krimu yako."

Akaondoka. Siku tatu Mboje hakupokea simu. Kabula hakulala vizuri, keki mbili zikamwungulia, na mteja mmoja akadai kurudishiwa malipo ya kianzio. Alipiga mpaka akaona haya, akaandika ujumbe akaufuta, akaandika mwingine akaufuta pia. Jumatatu ya Pasaka, mchana, amebaki peke yake dukani na khanga kiunoni, simu ikaita. Ni yeye.

"Mpenzi!" Kabula aliipokea kabla haijalia mara ya pili, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Usiniite hivyo kwanza." Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Nimezunguka Nansio nzima kama askari kanzu. Nimelala kwenye ile gesti, mbu hakuna. Bukindo pazuri, nilitamani ungekuwepo. Nikaona niende nikale pale pachafu."

Kabula akashika meza.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nimekaa kwa Mama Kabula. Pasafi kuliko dukani kwako. Nina sato wa kichwa hadi mkia hapa, nimefika nusu."

Nyuma yake vikasikika vyombo, vicheko vya wateja, kisha sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Dutwa isiyofichika.

"Baba, nikuongezee mchuzi?"

Kabula hakuwa ameisikia sauti ile tangu utotoni, akaitambua papo hapo. Akakaa juu ya ndoo ya unga.

"Niongezee, mayu," alisema Mboje, akimwita mama kwa Kisukuma. Akarudi kwenye simu. "Huyu mama anafahamiana na kisiwa kizima. Nimemtania, amenitania, tumekuwa marafiki. Sasa nataka nimwonyeshe picha yako, aniambie ulikuja hapa na nani."

"Usimwonyeshe!"

"Unaona? Mayu, hebu njoo kidogo..."

"Mboje, nakuomba! Acha hiyo picha. Acha na kula. Weka tonge chini."

"Ninyimwe na samaki?"

"Huyo ni mama yangu."

Kabula alisikia pumzi ya Mboje na kijiko cha mtu wa meza ya jirani.

"Mama yako amekufa," alisema Mboje.

"Hajakufa. Nilikudanganya. Alituacha nikiwa mdogo, nikaona aibu, nikasema amekufa. Sijawahi kufika huko. Nayajua ya huko kwa kuambiwa na shangazi, na mengine nimeyatunga. Hakuna mwanaume, Mboje. Hakuna yeyote."

"Nilimsomea misa." Sauti ilimkatika. "Ulinipigisha magoti, Kabula, nikamlilia mtu aliye hai pamoja na mama yangu."

Kabula akasubiri simu ikatwe. Angekata, yangekuwa yameisha, na angestahili. Badala yake kikasikika kiti kikisukumwa.

Kwa Wasukuma wanaoshika mila, mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hamtanii, na akiwa na neno humtuma mtu wa kati. Mboje, pamoja na suruali zake za kisasa, alilelewa na bibi yake Kiloleli, na mambo hayo kwake hayakuwa mzaha. Sasa alikuwa amekaa mbele ya mwanamke huyo mdomo umejaa samaki, ameshamtania, na ameshakubali kuongezewa mchuzi.

"Baba, kulikoni?" Sauti ya Specioza. "Umepata mwiba?"

Hatua. Mlango wa bati ukalia. Mteja mmoja akapaza sauti, "Mama Kabula, huyo anakimbia bila kulipa!" Wengine wakacheka.

"Hakimbii. Amesimama uani," alisema Specioza, sauti yake inasogea. "Baba, mbona umenipa mgongo?"

"Nisamehe, mayu," alisema Mboje, taratibu, lakini kila mtu alisikia. "Nimekula mbele yako. Sikujua."

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Kabula, kule Bariadi, aliziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Alikuwa ameelewa. Mwanaume anayeachana na mwanamke hana sababu ya kumpa mgongo mama yake. Angemaliza sato wake, akalipa, akaondoka.

Specioza naye aliielewa heshima ile, kwa kuwa alizaliwa katika mila hizohizo.

"Mimi nina mtoto mmoja tu," alisema.

Mboje hakumjibu moja kwa moja. Ilisikika simu ikibonyezwa spika, ikiwekwa juu ya kitu kigumu, benchi labda, kisha nyayo zake zikisogea mbali. Nyayo nyingine nyepesi zikakaribia.

"Kabula?"

Angeweza kubonyeza tu akakata. Kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu. Alikumbuka begi lile moja, na hasira yote ya utotoni ikampanda, pamoja na kitu kingine kilichokuwa na njaa zaidi yake.

"Naam," alisema.

Mwanamke yule akaanza kulia, akajizuia, akapenga kamasi kwenye khanga.

"Mwambie huyo bwana arudi amalizie chakula chake. Mimi nitaingia jikoni, sitatoka mpaka amalize."

Kabula akapaza sauti ili imfikie Mboje uani. "Mboje! Anasema urudi ule. Yeye ataingia jikoni."

"Mwambie nashukuru," ilijibu sauti ya mbali. "Na mwambie nauliza kama naweza kuja kwake tena. Nije kwa utaratibu, na wazee wangu."

Wateja wakaguna. Mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, akanyamazishwa.

"Anauliza..." Machozi yalimwingia Kabula mdomoni pamoja na unga. "Anauliza kama anaweza kuja na wazee."

"Na wewe unamtaka?"

"Namtaka."

"Na mwambie binti yako," ilidakia sauti ya uani, inatetemeka, "kwamba mimi na yeye bado tuna kesi. Ya ile misa. Hilo sijalisamehe leo."

"Misa gani?" aliuliza Specioza.

"Nitakueleza mwenyewe," alisema Kabula. "Si kwa simu."

Specioza akaisogeza simu karibu sana na mdomo, wateja wasisikie.

"Ng'ombe wa mahari wataulizwa kwa baba yako, mimi sina zizi. Lakini siku ya harusi, Kabula... yule mzee ataniruhusu kukanyaga uani kwake?"

Kabula aliujua mdomo wa baba yake. Aliijua na vita iliyokuwa inamngoja Dutwa. Akajifuta macho kwa mkono.

"Hutaomba ruhusa kwake. Harusi ni yangu, utakuja, mama."

Kisha akapaza sauti tena, mpaka jirani wa vipodozi akatoka kuchungulia.

"Mboje! Mama amekubali. Rudi ndani, samaki anapoa."