Nakala ya Mteja

JUMATANO, ALASIRI

"Nyumba ina watu wawili," alisema Fundi. "Mzee na mkewe. Kesho asubuhi haina mtu."

Chumba cha nyuma cha duka lake kilijaa kompyuta zilizokufa, zimepangwa hadi darini. Wanaume wanne walikalia maboksi. Mlango ulikuwa na komeo. Feni ilizimwa ili sauti zisipande.

"Unajuaje?" aliuliza Jivu.

Jivu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mwembamba, mvi zimemjia mapema, hapandishi sauti hata akikasirika. Waliowahi kumkasirisha walisema bora angepiga kelele.

Fundi aligeuza skrini. Ilikuwa kalenda ya mama mmoja, mteja wake. "Kila Alhamisi saa tatu anampeleka mumewe hospitali kusafishwa damu. Figo zimegoma. Wanarudi mchana. Tangu mwaka uanze hajakosa hata wiki moja."

"Dhahabu?"

"Mzee alikuwa sonara. Mikono inatetemeka, kazi ameacha, ila mali za watu bado anazo. Sefu iko chumbani. Namba hizi hapa. Mama kaziandika chini ya picha ya sefu kwa sababu mzee anazisahau."

Msumari alicheka. Huyu alikuwa mikono ya genge, mipana, na kichwa hakikumsumbua sana. "Huyu mama si angetuletea tu nyumbani?"

"Ufunguo wa akiba uko chini ya tangi la maji. Alimwandikia bintiye. Na kamera zake nimeshazifungua. Nitakaa hapa naangalia, simu iko wazi kwa wote. Mkitoka, nafuta picha."

Wa nne alikuwa dereva, kaka wa mke wa Fundi, na wote walimwita Shemeji. Yeye ndiye aliyemleta Fundi kwa Jivu, akamsifia kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa.

Msumari alikuwa anasoma karatasi iliyobandikwa ukutani, ile ambayo Fundi mwenyewe aliichapa kwa wino mwekundu: TAARIFA ZAKO NI SIRI YAKO. Aliisoma kwa sauti, polepole, akaangua kicheko tena. Hata Fundi alicheka, na hapo ndipo ungemjua. Wengine huanza ujambazi kwa kushika panga. Yeye alianza kwa kutazama picha za harusi za wateja, eti anapima kama mashine inawaka. Kisha akatazama zisizo za harusi. Kisha akaanza kuhamisha. Kila laptopu iliyopita mezani kwake iliacha nakala kwenye diski yake, na kila mwenyewe alipokuja kuichukua alimshukuru.

Laptopu ya mama ilikuwa na uchafu kwenye feni, basi. Kazi ya nusu saa. Alimwambia spea imeagizwa nje, akakaa nayo wiki tatu ili aipekue vizuri.

"Sharti langu moja," alisema. "Asiumizwe mtu."

"Nyumba tupu," Jivu alisema. "Aumizwe nani, kochi?"

ALHAMISI, SAA NNE ASUBUHI

Barabara ilikuwa na shughuli zake. Hakuna aliyegeuka kutazama gari jeupe lililoandikwa ubavuni kwamba linasafisha mazulia. Shemeji alilisimamisha nje ya geti, akaacha injini ikiunguruma. Jivu na Msumari walishuka na ndoo na mabomba, wamevaa ovaroli na barakoa za vumbi.

Dukani, Fundi alikaa nyuma ya kaunta, kifaa cha kusikilizia kimo sikioni. Skrini yake iliyaelekea macho yake tu. Ilikuwa na vipande vinne: geti, ua, sebule, ukumbi mrefu wa kwenda vyumbani.

"Ufunguo upo," ilisema sauti ya Jivu.

"Nimekwambia."

Aliwaona wakipita sebuleni. Aliwaona wakiingia chumba cha mwisho, ambako kamera haikufika. Alishusha pumzi. Alianza hata kupiga mluzi.

Mlango wa duka ulifunguliwa. Mama mmoja mnene kidogo, mkoba kwapani, aliingia akijifuta jasho.

Mluzi ulimfia mdomoni. Ndiye mwenye ile laptopu.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Leo sitoki hapa bila mashine yangu, hata kama haijapona nipe hivyohivyo."

"Nani huyo?" Jivu aliuliza sikioni.

Fundi alimgeukia mama. "Mama, leo si... si Alhamisi? Si siku ya hospitali?"

"Nilikwambia habari za hospitali?" Mama alivuta stuli akakaa. "Basi nimekuwa mropokaji. Mashine yao moja imeharibika, wametuhamishia Ijumaa. Wiki ya pili sasa. Mzee nimemwacha amelala."



Kalenda aliyowaonyesha wenzake ilikoma siku ile mama alipoikabidhi laptopu kaunta hii hii. Tangu hapo mama hakuwa na pa kuandika mabadiliko, maana laptopu aliificha yeye kwa uongo wa spea. Wiki tatu za kalenda ile zilikuwa ubashiri mtupu. Fundi yeyote angemwonya mteja kwamba nakala inazeeka kuanzia siku inapochukuliwa, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaonya wateja hivyo kila siku.

"Nimesikia," Jivu alisema taratibu. "Sefu imeshafunguka. Hatutoki mikono mitupu. Mzuie huyo mama hapo."

"Nina wasiwasi naye," mama aliendelea. "Nina simu ya kitochi tu, haionyeshi kitu. Kamera zile binti yangu aliziweka ili nikitoka nimtazame baba yake kwenye laptopu. Wiki tatu natoka roho mkononi. Hebu nifungulie nimwone kama ameamka."

"Mtandao... mtandao uko chini, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Subiri kidogo utarudi."

Alisema hivyo huku mzee akitokea kwenye skrini.

Alitoka chumba cha pembeni, kanzu ya kulalia imemning'inia, mkongojo mkono wa kulia. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha zake. Alisimama ukumbini akageuza kichwa upande wa kelele. Mdomo ulicheza, na sauti ikaja sikioni mwa Fundi kupitia simu ya Jivu, ndogo lakini safi.

"Mwenzangu? Ni wewe umerudi?"

Msumari alitoka chumbani na begi begani. Joto lilikuwa limemshinda. Barakoa ilikuwa shingoni, uso wote uko nje.

Walitazamana.

"Pumbavu," Jivu alisema. Halafu, kwa sauti ileile ya mtu anayeagiza chai: "Fundi. Amemwona Msumari."

Mama alikuwa anamtazama Fundi.

"Unaumwa?" mama aliuliza. "Umebadilika rangi."

"Hapana, mama. Joto."

"Sikiliza," Jivu alisema. "Huyu akiishi, ataeleza. Polisi watamuuliza mkewe, nani alijua sefu, nani alijua ufunguo. Mkewe atasema jina la nani? Mimi hanijui. Neno la siri alikupa wewe peke yako. Kwa hiyo hili si letu, ni lako. Ukisema hapana, tunamfunga kamba, tunaondoka, na wewe ujue pa kwenda. Ukinyamaza nitajua umekubali."

Neno moja. Mama asingelielewa, angedhani anajisemea. Shemeji naye alikuwa kwenye laini, na Fundi alimsikia akipumua kwa nguvu puani bila kutia neno.

Mzee alikuwa amenyoosha mkono mtupu mbele, kama anayemtuliza mbwa. "Chukueni, wanangu," alikuwa akisema. "Chukueni, msimdhuru mke wangu akirudi."

"Mwanangu," mama alisema, "una watoto?"

"Wawili."

"Mungu awakuze. Mtu mwaminifu kama wewe siku hizi hapatikani. Binti yangu alinigombeza, eti unampaje fundi neno la siri. Nikamwambia, yule kijana hata machoni hanitazami, ana adabu."

Fundi alitazama kaunta. Aliwafikiria watoto wake wawili, na duka, na jina lake juu ya mlango. Alimfikiria mzee pia, tusimwonee. Alimfikiria kwa muda mfupi, halafu akarudi kujifikiria yeye. Mdomo wake ulibaki umefungwa. Huo ndio ulikuwa ujambazi wake wote, na hakuna hata mmoja wa wale waliobeba mabegi aliyefanya kikubwa zaidi.

"Haya," alisema Jivu.

Msumari aliweka begi chini kwanza, kwa uangalifu, maana lilikuwa na mali. Akamziba mzee mdomo na pua kwa kiganja kimoja, mkono mwingine ukamkumbata mgongoni. Mkongojo ulianguka. Miguu ilipiga ukuta, ikapiga tena, ikawa inagusa tu. Haikuchukua muda. Mtu mgonjwa hana cha kupigania.

Alimlaza sakafuni. Akapandisha barakoa, wakati haikuwa na kazi tena.

SAA NNE NA NUSU

"Si ile pale?" mama alisema.

Laptopu yake ilikuwa kwenye rafu, na kibandiko chake cha ua. Kabla Fundi hajazunguka, mama alikuwa ameshaishusha na kuiweka kaunta. Aliibonyeza. Iliwaka mara moja, haina kelele, haina shida yoyote.

"Kumbe imepona!" Alifurahi kama mtoto. "Na wewe unaniambia spea!"

"Mama, subiri, bado sija..."

"Binti alinifundisha. Nabonyeza hapa, halafu hapa."

Laptopu ilikuwa inakula mtandao wa duka kwa wiki tatu. Fundi mwenyewe aliiunganisha, ili kuchota vizuri.

Picha zilifunguka. Mama aliinamia skrini huku akitabasamu, tayari kumwona mzee wake sebuleni na redio. Tabasamu lilikaa usoni muda mrefu kuliko ilivyopasa. Aliona wanaume wawili wakivuka ua na mabegi. Aliona ukumbi.

Alipiga ukelele ambao muuza viatu wa duka la pili aliusikia akaacha mteja amevaa kiatu kimoja.

Shemeji aliusikia pia, kupitia simu. "Mimi simo," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu asubuhi.

Kwenye kipande cha geti, gari jeupe liliondoka. Jivu alitoka mbio akasimama mahali lilipokuwa, begi mkononi, akiangalia barabara upande huu na upande ule. Kwa mara ya kwanza Fundi alimsikia akipandisha sauti. Alimtukana Shemeji, akamtukana mama yake Shemeji, kisha laini ikakatika. Mafundi ujenzi wa nyumba ya jirani, waliosikia matusi yale, walianza kusogea, koleo mikononi. Msumari alirudi ndani ya ua, akaona hakuna pa kutokea, akatoka tena. Wakawazingira wote wawili. Aliyemshika Msumari kwanza alikuwa kibarua mfupi wa saruji. Baada ya hapo hawakuonekana tena, walionekana tu watu wakiinua na kushusha.

Dukani muuza viatu alikuwa anapiga simu polisi, anataja mtaa kwa kupiga kelele. Mama alishikilia kaunta. Alizunguka upande wa Fundi kutafuta kiti.

Ndipo alipoiona skrini yake.

Vipande vinne. Geti lake, ua wake, sebule yake, ukumbi wake. Ukubwa mara mbili ya ile ya laptopu, na wazi kabisa. Fundi alikuwa na muda wote duniani wa kuizima, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha Fundi, mbele ya ile picha, akamtazama mzee wake aliyelala sakafuni. Muuza viatu alishusha simu.

"Hii ilikuwa wazi tangu lini?" mama aliuliza.

Kwa kuwa uongo ulikuwa umemwishia, Fundi alisema kweli. "Tangu kabla hujaingia, mama."

"Na sikioni?"

Alikitoa kile kifaa akakiweka mezani. "Nilikuwa nawasikia."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayefuata maelezo magumu. Nje, watu walikuwa wamejaa mlangoni, na kwa mbali king'ora kilikuwa kinajongea. Muuza viatu alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, mwili mzima ukisema hapiti mtu. Hakuhitajika. Fundi hakuwa na pa kwenda.

"Basi wewe ndiye uliyekuwa naye," mama alisema. "Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo."

"Mama, nisa..."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza, alisema nini?"

Fundi alianza kulia. Mama hakumhurumia, wala hakumkaripia. Alisubiri tu, mikono imelala juu ya mkoba, kama anavyosubiri daktari asome majibu.

"Aliuliza kama ni wewe umerudi," alisema Fundi.