Mbega wa Mvule

Jua lilikuwa linazama mama alipochukua dumu na kushuka mtoni, magoti yakimlilia kila hatua. Siku ya tano hiyo tangu mumewe alale kifudifudi, na kazi zote zimemwangukia yeye: kuni yeye, maji yeye, kumgeuza mgonjwa yeye. Alikuwa amechoka hadi amesahau kupumzika kukoje.

Mumewe alikuwa mwindaji. Watu walimwita Mzee Kamba, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakatiki. Sasa alikuwa amekatika. Hana homa, hana kidonda. Alilalamika neno moja tu, usiku na mchana: "Nimebebeshwa kitu. Nitueni."

Mgongoni hapakuwa na kitu.

Mama wa watu alifika mtoni, akainama, akazamisha dumu. Ndipo harufu ikamjia... manyoya yaliyolowa mvua. Na moshi.

Ng'ambo, juu ya jiwe, alikaa mwanamke aliyejitanda kaniki gubigubi. Alikuwa amempa mgongo.

"Dada," mgeni alinong'ona. "Umenionea mtoto wangu?"

"Sijaona mtoto. Kwani ana umri gani?"

"Hajaacha ziwa. Nilimwacha mtini... nilipochukuliwa."

Mgeni akainua mkono kuvuta kaniki. Mkono ule ulikuwa mrefu kupita kiasi. Na haukuwa na kidole gumba.

Mbega hana kidole gumba.

Hakupiga kelele. Hata woga unataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Alijitwika dumu, akapanda mlima bila kugeuka, maji yakimchuruzika shingoni.

Alipoingia ndani hakutua kwanza. Aliuliza.

"Baba watoto. Yule mbega uliyemleta kabla hujaugua, alikuwa na mtoto?"

Ukuni ukapasuka motoni.

"Nilikuwa nimechoka," mzee alisema mwishowe, uso ukiwa mkekani. "Nilikiona mshale ukiwa umeshaondoka. Kitoto cheupe, kimeng'ang'ania tawi la ule mvule uliopigwa radi. Ningepanda... lakini magoti haya, mke wangu. Nikajiambia nitarudi kesho."

"Ukarudi?"

Mzee akaanza kulia.

Kwao, watu na mbega walihesabiana ukoo. Mwenye mtoto hapigwi. Na akipigwa kwa bahati mbaya, mtoto huletwa nyumbani, akanyonya pale anaponyonya mtoto wa mtu. Mke mwenyewe alilea watatu ujanani. Mmoja alishika ziwa la kushoto na kifungua mimba wake la kulia, wakawa wanapigana mateke kama mapacha. Walipokua, mbega akarudi msituni, na binti akaolewa mbali. Yote hayo mzee aliyajua. Na nyama ya yule mama mbega waliila pamoja, yeye na mumewe, bila kuuliza.

Akachukua kanga kuukuu.

"Usiende," mzee alisema. "Giza linaingia."

"Kuna mwingine wa kwenda?"

Msituni hata chenene hawakulia. Alipokaribia ule mvule aliinua macho mara moja, asirudie tena. Mbega walikuwa wamejaa matawini, makumi kwa makumi, mikia imening'inia kama kamba. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyelia. Wote walimtazama yeye.

Kisha akasikia kilio, si juu tawini bali chini. Chembamba. Kimekauka, kama cha mtoto aliyelia mpaka amekata tamaa.

Akapenyeza mkono gizani, kati ya mizizi.

Vidole vikamshika.

Vidogo. Baridi. Vinne... na vinne tena. Vikapanda mkononi, begani, vikamkumbatia shingo. Alifunga kanga mgongoni bila kutazama. Kitoto kilikuwa kizito kupita umbo lake, na mgongo wake ukapinda.

"Haya, mwanangu," alisema. "Twende nyumbani."

Juu yake matawi yakatikisika yote kwa pamoja, halafu yakatulia.

Alimkuta Mzee Kamba mlangoni, amesimama wima, taa mkononi, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kimeshuka mgongoni, mke wangu! Sasa hivi tu, kama mtu aliyeamua kushuka! Umekipata kitoto, eh? Kimepona? Hebu nikione."

Akamulika.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mke wangu..."

Mkewe alishapita, ameketi mkekani kwa kishindo cha mtu aliyemaliza safari. Alikuwa ameizungusha kanga mbele, ameipakata. Kifuani mwa gauni lake madoa mawili ya unyevu yalikuwa yanatambaa, yanapanuka. Chumba kizima kilinuka maziwa. Na miaka ishirini ilikuwa imepita tangu anyonyeshe mara ya mwisho.

Mzee alipiga magoti. Akafunua ncha ya kanga kwa kidole kimoja, akaangalia, akaifunika upesi.

"Humo hamna kitu," alisema. "Mke wangu, kanga ni tupu. Itue. Umechoka."

"Punguza sauti," alinong'ona mkewe, akitikisa mapaja polepole. "Ndiyo kwanza analala."