Baiskeli Nyeupe ya Mtu Aliye Hai

Jioni ile Wanju alikuwa na kazi ndogo tu, kubadilisha maua. Zamu yake ilikuwa imefika. Alifunga duka lake la sukari guru na chai mapema kidogo, akafunga shada la maua meupe nyuma ya baiskeli, akaning'iniza kwenye usukani kopo la chai ya mung'unye iliyopoa, ile aliyoipenda Bocheng, mwenzake wa baiskeli, kisha akaelekea njia panda ya mtaa wa mfereji.

Alijua anachokifanya si sawa. Tuliseme hilo mapema, asije mtu akamwonea huruma kupita kiasi. Mjini Tainan maua ya namna ile huwekewa maiti, na Bocheng alikuwa bado anapumua.

Mambo yalikwenda hivi. Kundi lao la waendesha baiskeli hutoka alfajiri, kabla jua halijawa kali, na Bocheng ndiye aliyekuwa akishika mkia ili asiachwe mtu nyuma. Siku hiyo wenzake wote walikwisha kuvuka njia panda. Akabaki yeye. Kipikapu cha bluu, kimesheheni kabichi, kikapinda kulia bila kutazama, kikamkokota mpaka mbele ya kibanda cha muuza tambuu.

Kufika adhuhuri, mmoja wao akaandika kwenye kundi lao la simu kwamba Bocheng ametutoka. Nani kamwambia? Hakuna aliyeuliza. Watu walilia, na mtu anayelia hutaka kazi ya mikono. Kaka Zhenlin, kiongozi wao, akatoa baiskeli kuukuu stoo, wakaipaka rangi nyeupe yote, tairi, kiti na mnyororo, wakaenda kuifunga kwa kufuli pale njia panda, iwe kumbukumbu ya marehemu. Jioni wakaja waendesha baiskeli wa mji mzima, mamia, taa zao zikiwakawaka, wakasimama katikati ya barabara bila kusema neno. Magari yakasubiri. Hata watu wa televisheni walikuja.

Usiku ndipo mama yake Bocheng alipopiga simu. Mwanawe alikuwa hai. Hafumbui macho, anapumulia mashine, lakini hai.

Ungedhani wangekimbia kuing'oa ile baiskeli. Wapi!

"Tukiitoa leo, kesho manispaa wametusahau," Zhenlin alisema. "Wametuahidi njia yetu wenyewe. Acheni kwanza wapake mistari barabarani, ndipo tuiondoe. Bocheng mwenyewe angekubali."

Wakanyoosha mikono. Wanju naye akanyoosha wake.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo tu, ambalo hawakulisema popote. Kona aliyoangukia Bocheng ilikuwa na mapipa ya taka na nyaya zinazoning'inia. Picha haikutoka vizuri. Kwa hiyo baiskeli waliifunga kona ya pili, ng'ambo ya barabara, penye ukuta safi.

Sasa Wanju alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta huo, akitoa maua yaliyonyauka. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi ambao mizimu hutembea na watu huanua nguo kabla giza halijaingia. Joto lilikuwa zito. Upepo haukuwapo.

Gurudumu la nyuma likazunguka.

Kidogo tu. Tik... tik... tik... Kisha likasimama.

Wanju alitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akashika usukani auweke sawa, akauachia upesi. Rangi nyeupe ilikuwa imelika pale pa kushikia, pande zote mbili, imelika kama mpini wa jembe la zamani. Na kiti kilikuwa na joto la kukaliwa.

"Wewe dada!" Muuza tambuu alimwita kutoka ng'ambo. Alikuwa mama wa makamo, amekaa ndani ya kibanda chake cha taa za kijani, anakunja majani. "Njoo nikuulize kitu."

Wanju alivuka.

"Nyinyi watu wa baiskeli, mliuliza lolote kabla ya kufunga hicho kitu chenu pale?"

"Tuulize nini, shangazi?"

"Pale alifia kijana wa pikipiki. Zamani kidogo, hata kibanda hiki kilikuwa cha mama mkwe wangu. Ndugu zake walikuwa wa mbali, sikuona mtu aliyekuja kuiita roho yake irudi nyumbani." Alipachika kipande cha popoo ndani ya jani, akalikunja. "Mtu kakaa miaka yote hiyo hana pa kuketi. Halafu nyinyi mnamletea kiti. Cheupe, na maua juu."

"Shangazi, usinitishe."

"Nikutishe mimi? Mimi ndiye ninayelala hapa. Namsikia kila usiku anaipanda." Akapunguza sauti. "Na huyu wenu... huyu wenu yuko hapa hapa, kando ya mapipa. Hunusi?"

Wanju alinusa.

Dawa ya kuchua. Ile kali ya kafuri, ambayo Bocheng alijipaka magotini kila alfajiri mpaka kundi zima likapiga chafya na kumtania kwamba ananuka kizee. Ilitoka pale kando ya mapipa ya taka, mbichi kabisa, kana kwamba mtu ametoka kujipaka sasa hivi.

Machozi yalimjaa. Akageukia mapipa. Lakini ng'ambo ya barabara, mbele ya ile baiskeli, teksi ilikuwa imesimama na mama yake Bocheng anashuka.

Mama alikuwa amekumbatia shati. Shati la kazini la mwanawe, limekunjwa vizuri. Mkononi alikuwa na udi na vile vibao viwili vya mti, vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo watu wa huko huviangusha chini kuuliza miungu na roho. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Wanju alivuka mbio.

"Mama... shikamoo."

Mama alimpita. Akasimama mbele ya baiskeli.

"Mlimzika mwanangu akiwa hai," alisema taratibu. "Hekaluni wameniambia roho yake imeshtuka, imebaki barabarani. Madaktari wamenipa mpaka kesho kutwa, halafu wanataka tuzungumze habari ya mashine. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, mama."

"Basi nimekuja kumchukua. Mlimfunga hapa, na hapa ndipo nitakapomwitia."

Hapo ndipo Wanju alipotakiwa kufungua kinywa. Ilihitaji maneno machache tu. Mama, siyo hapa, ni kule kwenye mapipa. Lakini mama angeuliza, kwa nini basi mkaifunga huku? Naye angejibu nini? Kwamba kule picha haikupendeza? Aliona aibu. Alisema, "Mama, labda..." akaishia hapo.

"Labda nini?"

"Hapana. Nikushikie udi."

Mama aliwasha udi, akaliinua shati kwa mikono miwili.

"Bocheng! Bocheng, mwanangu! Twende nyumbani!"

Akaangusha vibao. Vyote chali.

Akaita tena. Vyote kifudifudi.

Akaita tena na tena, mpaka sauti ikakwaruza. Pikipiki zilipita, watu wakageuza nyuso upande mwingine, maana kitu kile hakitazamwi. Vibao vilikataa kila vilipoanguka. Mwishowe mama alipiga magoti mbele ya baiskeli nyeupe, paji la uso likagusa tairi, na akasema neno ambalo mama asingelisema akiwa na akili zake.

"Yeyote unayenisikia. Njoo. Nina chakula, nina kitanda. Njoo nyumbani tu."

Pedali ikazunguka.

Nusu mzunguko, polepole, kama mtu anashuka.

Vibao vikaanguka. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Mama alilia kwa furaha. Akaviangusha tena kuhakikisha, jibu likawa lile lile. Akalikunja shati, akalikumbatia kifuani, na Wanju aliona mikono yake ikishuka kidogo, kwa uzito.

"Kaja," alinong'ona mama. "Twende. Usigeuke nyuma, unajua. Ukigeuka anapotea."

Walitembea, kwa sababu hospitali haikuwa mbali na roho haipakizwi kwenye teksi. Mama akawa anaongea na shati, anamwelekeza njia. "Tunapinda kulia, mwanangu. Hapa pana ngazi. Hapa pana maduka, usishangae taa." Wanju alitembea kando yake, macho mbele.

Harufu ya kafuri ilikuja nyuma yao.

Mara ya kwanza ilikuwa hafifu. Kisha ikakaribia. Na ndani yake, mlio anaoujua kila mwendesha baiskeli, mlio wa gurudumu la nyuma mtu anapoacha kupiga pedali ili asiwapite wenzake.

Tik... tik... tik... tik...

"Dada Wanju."

Alikuwa yeye. Sauti yake ile ile ya kukwama puani.

"Dada Wanju... mbona mnaniacha?"

Wanju aliuma midomo mpaka akaonja damu. Alimtazama mama. Mama hakuwa amesikia kitu, uso wake umeng'aa, amelishika shati kama mtoto mchanga. Akigeuka, aliyemo shatini anapotea, na labda wa nyuma anapotea naye, na kesho kutwa madaktari watazima mashine kwenye mwili usio na mtu. Akinyamaza...

"Dada. Mimi ndiye wa mwisho. Hakuna mwingine nyuma yangu."

"Tunavuka daraja, mwanangu," mama aliliambia shati. "Usiyaogope maji. Nimekushika."

Roho isiyoambiwa haivuki daraja. Hilo Wanju alilijua tangu utotoni. Alifungua kinywa. Alipaswa kusema maneno mawili tu, tunavuka, Bocheng. Lakini mama yupo kando yake, na angeuliza unasema na nani.

Hakuyasema.

Katikati ya daraja mlio ulikatika. Na harufu nayo.

Alfajiri Bocheng alifumbua macho. Madaktari walisema ni bahati kubwa. Kaka Zhenlin alilia mbele ya wauguzi bila kuona haya. Siku hiyo hiyo kundi likaenda na mkasi wa vyuma, wakakata kufuli, wakaipeleka baiskeli nyeupe kwa wauza chuma chakavu. Baadaye kidogo manispaa wakapaka mistari yao ya kijani. Kila mtu alipata alichokitaka.

Wanju alikwenda hospitali na matunda. Bocheng alikuwa ameketi kitandani. Alimtazama kwa adabu, vile mteja anavyomtazama mtu wa kaunta.

"Unanikumbuka?" Wanju aliuliza.

"Samahani," alisema. Sauti haikukwama puani. "Nani kaichukua pikipiki yangu?"

Bocheng hakuwahi kumiliki pikipiki.

"Kichwa kiligongwa," mama alidakia haraka, akimpangusa mdomo. "Daktari amesema atachanganya mambo. Itamwishia polepole."

"Na Lanlan?" aliuliza mgonjwa. "Mdogo wangu amekula?"

Mama alikuwa na mtoto mmoja tu. Aliendelea kumpangusa mdomo ingawa ulikuwa mkavu. "Amekula," alisema. "Amekula, ameshiba. Lala."

Na yeye akalala, akiwa ameshika ncha ya kidole cha mama, uso umetulia. Uso wa Bocheng. Ni kweli, daktari anaweza kuwa sahihi. Vichwa vikigongwa hutoa mambo. Labda kuna Lanlan aliyesoma naye. Labda muuza tambuu alikuwa mtu wa porojo, na kafuri inauzwa kila duka. Wanju alijipangia labda zake zote. Lakini asubuhi hiyo, akija, alikuwa amepita njia panda, na kando ya mapipa alikuwa amenusa alichonusa.

Mama alitoka kwenda kuosha bakuli la uji. Wanju akamfuata mpaka kwenye sinki mwisho wa korido.

"Mama," alinong'ona. "Kuna jambo lazima nikuambie. Kuhusu ile jioni. Ile kona..."

Mama alifungua bomba. Maji yakatiririka juu ya bakuli ambalo tayari lilikuwa safi.

"Usiniambie."

"Mama, yule ndani..."

"Nimemlea mwanangu kwa mikono hii. Unadhani wewe ndiye wa kuniambia yule ni nani?" Hakupandisha sauti. Hakugeuka. "Ameniita mama. Anakula ninachompikia. Usiku anaogopa, ananishika mkono. Sasa niambie wewe, mwanangu. Ukinichukulia huyu, unaye mwingine wa kunipa?"

Wanju alinyoosha mkono, akafunga bomba.

Alikuwa naye huyo mwingine. Hata kona alipokuwa akingoja, kando ya mapipa, aliijua.