Kiti cha Mpimasura

Mashine ya Mpimasura ilishuka kutoka darini taratibu, kama buibui aliyekula akashiba, ikafungua macho yake yote kumzunguka mzee aliyeketi kitini. Macho mengine yalipima makunyanzi, mengine yalifuata mapigo ya mshipa wa shingo. Jicho moja dogo jekundu kazi yake ilikuwa kuvizia machozi tu. Chozi likidondoka, jicho hilo lilijua kama ni la huzuni au la kitunguu.

Mzee alikuwa anaomba nafasi ya kuigiza mtemi kwenye filamu. Mwanza nzima, tangu enzi za majukwaa ya mbao, hakujapata kutokea mtu wa kufa kitemi kama yeye. Basi akafa pale kitini, polepole, kwa heshima zote, mpaka Bi Kabula aliyesimama pembeni na kitambaa chake cha kufutia kiti akasahau kupumua.

"Asante kwa kufika," ikasema Mpimasura, kwa sauti laini ya bibi harusi anayemwomba mama mkwe chumvi. "Hukufaa."

Mzee akafufuka, akachukua kofia yake, akatoka. Akaingia kijana mmoja mwenye mabega mazuri, akafa kama mtu anayesoma bei za sementi.

"Asante kwa kufika. Rudi kesho."

Bi Kabula alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kila siku ni hivyo hivyo! Wanaojua wanafukuzwa, wasiojua wanaambiwa warudi. Au mashine hii iliundwa na mtu anayevaa suruali nyuma mbele?

Yeye alikuwa mteuzi wa waigizaji, na kazi hiyo aliianza Mwanza kabla vigari vya angani havijaanza kupishana juu ya majabali kama kumbikumbi. Majabali yenyewe bado yapo. Hakuna aliyevumbua mashine ya kuyashawishi yahame. Zamani Kabula alikuwa na namna yake. Hakumpima mtu chumbani, alimpima barazani, kwenye benchi la kungojea, kabla hajajua kwamba anaangaliwa. Nani anampisha mjamzito? Nani anajifanya hana njaa na macho yapo kwenye andazi la jirani? Mtu akiitwa ndani, Kabula alishamaliza naye zamani.

Tangu Jumba la Filamu la Isamilo liweke Mpimasura, kazi yake ilibaki kuita majina na kufuta kiti. Na jambo moja zaidi, lililoishinda mashine: kuwalainisha watu. Mtu akikakamaa kitini, Kabula humwinamia sikioni akamwambia, "Nionyeshe ulivyolia siku ile." Hataji siku gani. Kila mtu anayo yake.

Mchana huo Doto alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, kiatu kimoja amevua, anasugua kidole.

"Dada Kabula, nimekuja kwa mguu mmoja," alisema. "Mwingine umegoma njiani."

"Ingia na huohuo. Mama wa kwenye filamu hawajamwandikia viatu."

Doto alicheka kidogo. Nafasi aliyoitaka ni ya mama ambaye mwanawe, Maganga, anafukiwa na kifusi kwenye migodi ya Mwezini. Siku ya kwanza alipojaribu, aliigiza kwa adabu tu, akaambiwa arudi kesho. Siku ya pili Kabula alimwinamia sikioni. Doto ni pacha, na Usukumani wa kwanza kutoka tumboni huitwa Kulwa, anayefuata ni Doto. Kulwa wake alikuwa amefariki, na tangu mazishi Doto hakuwa amepanda jukwaani. Alipoambiwa aonyeshe siku ile, alifunua kinywa, kikatoka kilio ambacho hata Kabula hakukitarajia: "Kulwa wee, umenitangulia tena!" Mpimasura ikamwambia hakufaa.

"Safari hii nitazungumza na wakubwa," Kabula alisema. "Nafasi ni yako, mdogo wangu. Mimi nimesema."

"Uliniambia nitoe yote, dada. Nikatoa. Sikumlilia Kulwa hivyo hata makaburini, watu walikuwepo." Alivaa kiatu chake. "Ningejua naitwa kuaibishwa na mashine, ningebaki kwenye cherehani yangu."

Hilo lilimchoma Kabula. Aliacha kiti bila kukifuta, akapanda moja kwa moja kwa Bwana Machibya, mtayarishaji wa filamu. Kwa umri angeweza kuwa mwanawe, na ofisi yake ilikuwa na baridi ya kuhifadhi samaki.

"Mama, karibu, keti," alisema Machibya.

"Siketi. Viti vya humu ndani nimeshavichoka. Nataka jibu moja. Doto ana kosa gani?"

"Doto yupi?"

"Wa nafasi ya mama."

"Aah! Mama, mbona filamu ile imekwisha?"

"Imekwisha vipi, na mama hajapatikana?"

Machibya akatabasamu kama mtu anayekaribia kufunua sufuria ya pilau. Akagusa ukuta, ukuta ukawa mwanga, na katikati ya mwanga akatokea mwanamke. Alikuwa mzuri, lakini uzuri wake haukuwa na kwao. Hakuwa wa Magu wala wa Geita, hakuwa binti wa mtu. Mwanamke huyo akapiga magoti kwenye vumbi la Mwezi. Alishika kichwa, na Kabula akaitambua mikono. Ilikuwa ya mama mmoja muuza dagaa aliyefukuzwa mwezi uliopita. Alipumua kwa kifua cha yule mzee mtemi. Kisha akafunua kinywa.

"Maganga wee, umenitangulia tena!"

Sauti ilikuwa ya Doto, mpaka ule mkwaruzo wake wa mwisho.

Kabula alishika ukingo wa meza.

"Unaona ilivyo tamu?" Machibya alisema. "Hawa tunawaita waigizaji-unde. Mpimasura inachukua kidogo hapa, kidogo pale, inashona. Mtu akitoa kitu kizuri inakihifadhi, basi huyo hatumhitaji tena. Asiyetoa kitu, tunamwomba arudi. Na wote walikubali, tangazo lipo pale mlangoni."

"Lile la maandishi ya ukubwa wa chawa?"

"Lipo, mama."

"Machibya, mwanangu, nikuulize. Mtoto anamtanguliaje mama yake *tena*? Alimtangulia wapi mara ya kwanza?"

Machibya akatazama ukuta, akakuna sikio.

"Hilo mashine haikulijua. Lakini watazamaji watalia tu, hawatauliza."

"Mpe Doto nafasi. Mpige picha upya, na uso wake."

"Haiwezekani. Mama, nisikilize. Filamu ijayo ni ya vichekesho, tunataka vicheko vya kweli, vya tumboni. Kama si wewe, mashine ile ingekuwa inahifadhi kelele tupu. Wewe ndiye unayejua kuwakamua."

Alisema kwa nia ya kumsifu. Kabula alishuka ngazi akiisikia sifa hiyo mgongoni kama mdudu aliyeingia ndani ya blauzi.

Barazani alimweleza Doto yote, hakuficha hata mikono ya muuza dagaa. Doto alisikiliza akitazama kiatu chake.

"Amemwambia mwanawe hivyo? Umenitangulia tena?"

"Ndiyo."

"Maneno yale yalikuwa ya mtu mmoja tu, dada." Alijaribu kulitamka jina la pacha wake, midomo ikafika nusu ikarudi. "Sasa nikimwita, nitakuwa namwigiza yule mwanamke wa ukutani."

Kabula aliketi naye kwenye benchi.

Asubuhi iliyofuata watu wa vichekesho walifurika barazani. Kabula aliwapokea, akafunga mlango wa chumba cha Mpimasura, akawaeleza. Halafu akawafundisha.

"Mkiingia mle, tieni uso wa mtu anayengoja hati ya kiwanja. Kichekesho mlicho nacho kimezeni. Atakayeambiwa hakufaa, ajue ameibiwa."

Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja. Rudi kesho. Rudi kesho. Rudi kesho. Macho ya Mpimasura yalianza kuzunguka ovyo kama nzi waliokosa mahali pa kutua. Mwisho benchi likawa tupu, na Kabula akaingia na kitambaa chake.

"Bi Kabula," ikasema Mpimasura. "Tafadhali, keti wewe."

"Mimi ni wa kufuta."

"Keti."

Akaketi. Macho yakamzunguka, lile jekundu likasogea mpaka karibu na kope. Kisha mashine ikainama sikioni mwake, na haikutumia tena sauti ya bibi harusi. Ilitumia sauti ya Kabula mwenyewe, ya kushawishi, na ule uchovu wake mtamu.

"Nionyeshe ulivyolia siku ile."

Kumbe naye alikuwa ameshakamuliwa, amesimama pale pale na kitambaa mkononi! Siku yake ikamjia, kwa sababu naye alikuwa nayo. Ikapanda kifuani, ikapanda kooni. Kabula akaimeza. Akalikazia macho jicho jekundu, akalitazama kama anavyotazamwa mwenye duka aliyesema chenji hana.

Likangoja. Naye akangoja.

"Asante kwa kufika," ikasema mwishowe. "Rudi kesho."

Barazani Doto alikuwa amekuja kuchukua mwavuli aliousahau jana.

"Imekwambiaje?"

"Nirudi kesho."

Doto akamtazama. Kitu kikaanza kutikisika mabegani mwake, kikapanda shingoni, kikatafuta njia ya kutokea.

"Ziba mdomo, mdogo wangu," Kabula alimnong'oneza, huku akimsukuma haraka kuelekea ngazini. "Usichekee hapa. Twende kwanza tufike mbali."