Akaunti ya Mshonaji

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la ushonaji. Shemeji, mdogo wa mke wa Mshonaji, alikuwa akikanyaga cherehani isiyo na uzi, kelele zifunike maneno. Tai, mkubwa wao, aliegemea marobota ya vitambaa, koti limevimba upande wa bastola.

"Sema," akamwambia Keshia.

Keshia alifukuzwa kazi benki, lakini ujuzi aliondoka nao. Mpango ulikuwa wake. Mafundi na wachuuzi waliouza bidhaa ng'ambo walikuwa wakilia: dola zikitumwa, benki ya kule inamega, ya katikati inamega, ya hapa inamega, kisha zinabadilishwa kwa bei ya kunyonga. Keshia akafungua akaunti ya dola kwa jina la Mshonaji, mwenye duka na leseni. Malipo ya wengi yakawa yanaingia kwa mkupuo mmoja, makato kiduchu. Muda wote huo kila mtu alipata chake bila kupunjwa. Watu wakaleta ndugu, ndugu wakaleta majirani.

"Leo yanaingia ya msimu mzima," alisema Keshia. "Benki wameshaandaa noti. Mshonaji anatia saini, mimi nabeba begi. Jua likifika utosini tumeshavuka mpaka na hela zao."

Tai akamgeukia Mshonaji. "Mbona kimya?"

"Nipo."

"Uwepo kweli."

Saa nne.

Gari liliegeshwa mkabala na benki. Keshia akatangulia ndani. Tai akashuka kukagua kona. Shemeji alibaki kwenye usukani, Mshonaji kiti cha nyuma. Hakugeuka, aliongea akitazama kioo.

"Shemeji, ukitoka humo usipande gari hili."

"Kwa nini?"

"Tai kaniambia nipite machimbo ya kokoto. Nisimame, nisizime injini. Akaunti ina jina lako. Ukipotea wewe, msako wote unakufuata wewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nikaitikia. Ningefanyaje? Lakini dada nitamtazama kwa macho gani?"

"Tukimbie wote, sasa hivi."

"Anatuona. Nenda. Kuna mlango wa nyuma, karibu na choo. Pitia huko."

Saa nne na nusu.

Karani alikuwa ameshasukuma karatasi ya kutia saini chini ya kioo. Keshia alisimama ubavuni, begi tupu begani. Mlango wa nyuma ulionekana, haukuwa mbali. Mshonaji akashika kalamu.

Mkono mkavu ukamgusa bega. Mama mmoja, muuza vikapu, mteja wao tangu mwanzo. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa kusuka.

"Mwanangu, nimekuona nikasema lazima nikushukuru. Zamani nusu ilikuwa inaliwa njiani. Leo nawalipa wasukaji wangu wote. Nimewaacha uani kwangu wananisubiri."

"Zitafika, mama," Keshia akadakia, akitabasamu. Kisha, chini kwa chini: "Saini, wewe."

Mshonaji akautazama ule mlango wa nyuma. Akavitazama vile vidole. Akaweka kalamu.

"Dada, usitoe hela," akamwambia karani. "Si zangu. Ni za watu. Fungeni mlango, mwiteni meneja. Nje kuna mtu ana bastola."

"Umetuuza!" Keshia akatimua mbio. Mlinzi alikuwa mwepesi kuliko yeye. Geti la chuma likashuka mbele ya pua yake kwa kishindo kilichosikika mtaa mzima.

Tai naye alikisikia.

Kupitia nondo, Mshonaji alimwona akivuka barabara polepole, kama mtu asiye na haraka. Akainama kwenye dirisha la dereva, kama anayeuliza njia. Akauliza kitu. Shemeji akatikisa kichwa. Tai akauliza tena.

Mlio ulikuwa mmoja. Njiwa wakaruka paani. Tai akafungua mlango, akamvuta Shemeji mpaka chini, akaingia, gari likaondoka.

Shemeji alijaribu kuinuka kwa kiwiko. Hakuweza.

"Fungua!" Mshonaji alipiga chuma kwa ngumi mbili. "Ni shemeji yangu! Bado anapumua! Fungua!"

Mlinzi alirudi nyuma, funguo zimebanwa kifuani.

"Kaka, wewe mwenyewe ndiye uliyesema tufunge."